Neno la Jirani

Kibokoni, Mombasa
14 Januari 2024

Mwandani wangu Rukiya,

Assalaam alaikum. Natumai hujambo, na binti yako Nasiha na wanawe hawajambo pia. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila miguu yaniuma kwa sababu ya kazi mpya, na hiyo ndiyo habari yenyewe. Kaa kitako.

Nimekuwa dalali. Cheka, kisha uendelee kusoma. Ile kampuni ya Shimanzi nilikokuwa nikiandika makaratasi ya makontena ilifungwa mwaka jana. Wakatuandalia chai ya kuagana, wakatushukuru, nami nikarudi nyumbani na umri huu sina la kufanya ila kugombana na paka. Ndipo nikamwendea Bwana Ngowa, mwenye ofisi ya nyumba kule Bondeni, juu ya duka la vitambaa. Yeye neno dalali hataki hata kulisikia. "Bi Saadia," aniambia, "dalali ni yule asimamaye njiani akauza nyumba asiyoijua ya mtu asiyemjua. Sisi ni mawakala, na tumesajiliwa." Basi nami najifunza ili nisajiliwe. Napaswa kusoma, kisha niuze nyumba moja toka mwanzo hadi mwisho yeye akinisimamia, aniandikie barua kuwa nimeiweza, halafu bodi ya usajili iniite Nairobi kunihoji. Katika darasa la jioni mimi ndiye mkubwa, hata mwalimu namzidi. Vijana waniita Mama. Mmoja wao, Tony, huniomba kalamu kila tukikutana na hajaniregeshea hata moja.

Ningekupigia simu kukwambia haya, lakini wajijua na wanijua. Ulipofiwa na mumeo Ziad tulijaribu, tukaishia kulia, wewe kwako na mimi kwangu, hakuna aliyesema la maana. Na lile kundi la jamaa kwenye simu ni soko tupu. Barua ni bora. Hii nampa Joy, yule muuguzi wa Kilifi afanyaye kazi huko kwenu. Amesema karatasi si mzigo.

Nyumba yenu iko salama. Kila Alhamisi napita kwa wikio naingia upande wenu, nafungua madirisha, nafagia, nachoma ubani. Juzi mtalii alisimama chini akaniuliza kile chumba kinachopita juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili ni cha nini. Nikamwambia hilo ni wikio, babu zetu walilijenga ili wake zao watembeleane bila kushuka njiani. Sikumwambia kuwa mimi na wewe tulilala humo tangu tungali wadogo mpaka siku ya harusi yako, wala kuwa kitanda chetu bado kimo.

Waja lini, Rukiya? Kila mwaka waniambia mwakani. Nimekutamani mpaka naona haya kusema.

Wako,
Saadia


Maskati
9 Februari 2024

Kwa mpenzi wangu Bi Saadia,

Waalaikum salaam warahmatullah. Baada ya kukujulia hali, nakuarifu kuwa barua yako nimeipokea na nimeisoma bustanini, chai ikinipoa mbele yangu. Asumini zimechanua mwaka huu kuliko mwaka jana. Nyumba hii kubwa yanichosha kuizunguka, lakini kuna msichana wa kazi, na Nasiha huja kunitazama. Sina la kulalamikia.

Nimefurahi kwa kazi yako, wala sikucheka. Tangu zamani ulikuwa ukiingia nyumba ya watu wajua mara moja ni chumba gani chenye joto na ni dirisha gani halifungiki. Hiyo ilikuwa kazi yako kabla hujapewa.

Nami nina kazi ya kukupa. Nimeamua kuiuza nyumba ya baba. Nimefikiri muda mrefu, usinibembeleze. Nyumba isiyo na watu huliwa na mchwa, na wewe huwezi kuifagia milele. Niuzie wewe, ndiyo iwe nyumba yako ya kwanza, upate hiyo barua ya msimamizi wako.

Lakini desturi yetu waijua. Nyumba ya Kibokoni haipewi mgeni mpaka jirani wa ukuta aulizwe kwanza kama aitaka yeye. Hiyo ni shufaa, haki ya jirani, na marehemu baba hakuwa mtu wa kuipuuza. Alipotaka kuliuza duka, wakumbuka, alimrudisha mnunuzi mlangoni kwa kuwa jirani alikuwa safarini hajaulizwa. Jirani wa nyumba hii ni wewe. Najua kununua huwezi, na sikuulizi kwa kukudhihaki. Nakuuliza kwa kuwa ni haki yako. Waitaka? Kama huitaki, niandikie kwa mkono wako kuwa umeiachilia, kisha mwuzie umwonaye mwema. Bila neno lako haiendi.

Nakungojea jibu.

Rukiya binti Aidarus


Kibokoni, Mombasa
17 Machi 2024

Rukiya wangu,

Ramadhani karimu. Barua yako ilinifika karibu na magharibi. Niliisoma, nikaikunja, nikaenda kukaanga sambusa nikaziunguza zote. Nikafuturu tende na uji.

Sawa. Nyumba ni yako, na ukiamua umeamua. Nimemweleza Bwana Ngowa, amefurahi, amenipa mkanda wa kupimia na kunituma. Nimepima kila chumba. Sijui kama wajua, ile sebule ya juu tuliyokuwa tukiiona uwanja ni ndogo. Nilidhani mkanda una ila nikapima tena.

Kupima ni rahisi. Kuandika ndiko kulikonitoa jasho. Ni sharti wakala aandike maelezo ya nyumba yatakayosomwa na mnunuzi. Mimi nikaandika: nyumba ya fahari, yenye baraka na kumbukumbu. Bwana Ngowa akavuta mstari mwekundu juu ya maneno yote. "Bi Saadia, mnunuzi hataishi ndani ya fahari. Ataishi ndani ya vyumba. Mwambie vingapi, mwambie kuta za nini, mwambie kinachovuja. Akihamia asikute jambo hukumwambia." Basi nikaanza upya. Kuta za mawe ya matumbawe. Dari za boriti, moja imepasuka katika chumba cha mamako. Birika la choo cha chini lavuja. Nikaandika hata ile ngazi moja iliyo fupi kuliko wenzake, ile sisi tunayoiruka bila kufikiri na kila mgeni hujikwaa. Niliiandika chini ya neno kasoro. Msumari wa kofia ya babako sikuuandika, kwa kuwa Bwana Ngowa alisema misumari haiandikwi.

Wamekuja watu kuiona, mume na mke. Bwana ni Karisa, karani katika yadi ya makontena Shimanzi, na mkewe Kanze ni mwalimu wa watoto wadogo. Kwao ni Kaloleni, ni Wakristo, wana adabu, walivua viatu bila kuambiwa. Nilitaka niwachukie. Kanze akapanda ngazi, akajikwaa pale pale, akacheka. Aliposhuka na kupanda mara ya pili akairuka. Iliniuma hiyo, Rukiya. Sisi tulijifunza kuiruka kwa kuanguka miaka, yeye amejifunza kwa asubuhi moja.

Wameipenda. Sasa ni mambo ya makaratasi, na makaratasi ya mjini hapa wayajua yalivyo. Tony amepasi mtihani wa kwanza, mimi pia. Nimemzidi, na kalamu alizoandikia zote zilikuwa zangu.

Nakuombea kila nikifuturu.

Saadia


Maskati
20 Aprili 2024

Mpenzi Bi Saadia,

Idi mubarak, taqabbal Allah. Hapa tulisali, tukala, watoto wa Nasiha walivaa nguo mpya na kuzichafua kabla ya adhuhuri.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Umenieleza sambusa, umenieleza mkanda, umenieleza kalamu za Tony. Hata msumari wa kofia ya baba umeukumbuka, na ukanitoa machozi. Hao watu wa Kaloleni nimewapenda kabla sijawaona. Baba angewapenda, alikuwa akisema mtu mwema ajulikana anavyoingia nyumba ya mwenziwe.

Swali langu hukulijibu. Labda lilikupita. Nalirudia: wewe ni jirani, nakuuliza kama waitaka nyumba, nawe niandikie kuwa umeiachilia. Mistari miwili yatosha.

Asumini hazijambo.

Rukiya


Kibokoni, Mombasa
26 Mei 2024

Rukiya,

Mvua za masika hazitaki kukatika. Ndiyo maana mambo yamechelewa. Bwana Karisa alitaka kuiona dari mvua ikinyesha, nami nikaona ni haki yake. Kisha mpimaji naye alikuwa na udhuru. Kisha ukatokea mtihani wa wikio. Bwana Ngowa alizisoma hati, yenu na yetu, akakuta hakuna hata moja inayolitaja. Lapita juu ya njia ya watu, na boriti zake zimeingia ukuta wenu upande mmoja na ukuta wetu upande wa pili. Akina Karisa hawalitaki. Kanze alisema kwa upole kuwa hapendi mlango wa chumbani mwake ufungukie kwa watu, na siwezi kumlaumu. Basi hilo nalo limekula wiki zake.

Bodi imeniandikia kuwa mahojiano yangu yatakuwa Septemba. Nikifika huko bila barua ya Bwana Ngowa, niregee nilikotoka. Na Bwana Ngowa haniandikii mpaka mauzo yakamilike. Juzi akaniuliza, "Jirani wa ukuta amekwisha kusema?" Nikamwambia bado yuafikiri. Akaniuliza, "Jirani huyo ni nani?" Nikajitia kutafuta miwani, nayo nimeivaa.

Sasa nikwambie, maana moyo umenijaa. Nyumba unayo huko. Bustani unayo, msichana wa kazi unaye, mjukuu yuaja kukuamkia. Hii ya hapa yakudai nini? Haili, hainywi. Imesimama tu. Kila Alhamisi nikifungua dirisha la mamako nasema, iko siku atalifungua mwenyewe. Miaka yote hii hilo ndilo linaloniamsha. Ikishaingia watu, nitamngoja nani, na nitamngojea wapi? Una haraka gani ya kututupa?

Nilifika hata kutamani majirani waseme neno juu ya wageni, ili lawama isiwe yangu. Hawakusema. Mama wa nyumba ya kona amekwisha kuwapelekea mahamri. Niliona haya, nikafunga dirisha.

Nisamehe kwa ukali. Najua uliniuliza, na najua sijakujibu.

Saadia


Maskati
7 Juni 2024

Bi Saadia,

Barua imefika. Nimekuelewa, na sitakuuliza tena. Haki ya jirani ni ya jirani, halazimishwi. Ukitaka kungoja, ngoja.

Huku joto limekuwa kali. Bustani imekauka kidogo, lakini itarudi.

Sikuwatupa. Neno hilo ungeliacha.

Rukiya


Maskati
11 Juni 2024

Halati Saadia,

Shikamoo. Mimi ni Nasiha, binti wa Rukiya. Najua hujapata barua yangu maishani na pengine washtuka. Mama hajui kuwa nakuandikia, na nakuomba kwa heshima yote asijue. Nimempa Joy barua hii mbali na ile ya Mama, ndani ya pakiti ya haluwa, maana Mama huzihesabu bahasha.

Halati, hakuna bustani. Ilikuwako Baba alipokuwa hai. Alipofariki, nyumba iliuzwa na watoto wake wa mke mkubwa, sheria ikagawa, kila mtu akachukua chake. Mama akaja kwangu. Nyumba yangu ni vyumba viwili, na sisi ni wengi. Mama hulala ukumbini. Alfajiri huamka kabla ya kila mtu, akakunja godoro lake akalificha nyuma ya kochi, akakaa juu ya kochi amevaa vizuri na mtandio wake, ili mume wangu akipita asione kuwa mtu alilala hapo. Mume wangu hajapata kumwambia neno baya. Mama mwenyewe tu ndiye hataki kuonekana ni mgeni. Barua zako huzisomea jikoni, amesimama.

Karibu nasi imetokea nyumba ndogo ya chini, chumba na jiko, haina ngazi, na magoti yake sasa hayapandi. Mwenyewe amekubali kumngojea, lakini si milele, na mwezi jana alianza kuuliza. Ndiyo sababu ya kuuza Kibokoni. Kurudi huko kuishi hataki, asema hawezi kuwaacha watoto wangu, na mwanangu wa mwisho hali chakula ila kwa mkono wake. Nilimwambia akueleze ukweli. Akasema, "Saadia anijua nikiwa mwenye nyumba. Mwache anijue hivyo."

Nilipoisoma barua yako ya Mei, naomba radhi nimeisoma, nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilimwona Mama akiikunja akiiweka kifuani. Yuakupenda sana. Lakini kila wiki unayomngoja, yeye yuakunja godoro.

Mwanao,
Nasiha


Kibokoni, Mombasa
28 Juni 2024

Rukiya wangu,

Anza na haya, kwa kuwa ndiyo uliyoniomba:

Mimi Saadia binti Omar, jirani wa ukuta wa nyumba ya marehemu Aidarus iliyo Kibokoni, nimeulizwa na mwenyewe kama naitaka, nami nimejibu kuwa siitaki. Nimeiachilia. Na amwuzie amtakaye.

Hayo ni ya kuwekwa ofisini. Yafuatayo ni yetu.

Siitaki nyumba. Wewe ndiye niliyekuwa nikikutaka, nyumba nikaishika kama mtu ashikaye ncha ya kanga ya mwenziwe asiondoke. Nawe ulikuwa umekwisha kuondoka zamani, mimi nimebaki na kanga mkononi nadhani nimekushika. Nisamehe neno la kututupa. Nililiandika kwa hasira ya mtu aliyengoja sana.

Kwa nini nimebadilika, usiniulize. Nimefikiri tu. Mtu wa umri wangu huweza kufikiri akipewa nafasi.

Nilikwenda kwa Bwana Ngowa asubuhi, nikamwambia jirani ni mimi. Akavua miwani akaifuta. "Nalijua, Bi Saadia. Mtu hafagii nyumba ya kuuza kila wiki." Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema, "Kazi hii yote ni hiyo moja, kusema lililo lako kabla hujaulizwa. Ningekusemea ungesajiliwa bure." Basi akanikalisha niwaandikie akina Karisa kuwa mimi wakala wao ndimi jirani wao, na mwenye nyumba ni mwandani wangu, na nilichelewesha kwa mapenzi yangu. Nilikwenda kuwapa mwenyewe. Karisa akaisoma akampa mkewe. Kanze akasema, "Kumbe ni wewe upande wa pili? Mimi nilikuwa naogopa tutapakana na nani." Akanitilia chai. Nilitaka kulia, nikainywa ikiwa moto vile vile.

Hawakubadili nia. Bwana Ngowa amesema wiki chache, inshallah. Mambo yote sasa yatakwenda haraka, nitayasukuma kwa mabega yangu.

Zimwagilie maji asumini zako.

Saadia


Maskati
2 Septemba 2024

Mpenzi wangu Saadia,

Kila kitu kimefika salama, na yote yamekamilika. Mungu akujaze kheri. Umeuza nyumba ya baba kwa unadhifu ambao yeye mwenyewe angeusifu, na hakuwa mtu wa kusifu.

Nami nina habari. Ile nyumba kubwa nimeiacha. Ilinishinda kuizunguka, na bustani ilitaka mtu mwenye nguvu. Nimechukua ndogo ya chini, karibu na Nasiha, chumba na jiko. Ina mlango wangu mwenyewe. Siku ya kwanza niliufunga kwa ndani nikakaa kitandani mchana kutwa nikauangalia. Wa mwisho wa Nasiha akaja akaugonga, nikamwambia subiri kidogo, nikaenda nikamfungulia. Nimemfungulia mtu mlango wangu, Saadia. Nilikuwa nimesahau raha yake.

Najua hutaniuliza kwa nini nimeiacha bustani. Nakushukuru kwa kutouliza. Nimekuwa nikifikiri juu ya ile pakiti ya haluwa aliyopewa Joy, na Nasiha hajui kunidanganya machoni, lakini nami siulizi.

Nilidhani ikiuzwa nitapumua. Nikapumua kweli, siku mbili tatu. Kisha nikaanza kuipita nyumba nzima kichwani, chumba kwa chumba, kama nilivyokuwa nikifanya kila nilipokosa usingizi, na nilipofika mlango wa mama nikakumbuka kuwa ndani kuna watu. Nikaona si adabu kuingia. Nikarudi. Sasa sina pa kupita.

Wataka nije, na mimi nataka kuja. Magoti yakipata nafuu na mdogo akijifunza kula kwa mkono wa mtu mwingine, nitakuja. Lakini niambie wewe unayezijua nyumba. Mtu akirejea mjini kwao hufikia kwao. Mimi kwetu nimeshauza. Nitafikia wapi? Kuwa mgeni Mombasa sijawahi, na sijui hufanywaje.

Wikio wameliziba?

Rukiya


Kibokoni, Mombasa
13 Oktoba 2024

Rukiya wangu,

Assalaam alaikum. Nimesajiliwa. Cheti kimekuja juzi, Bwana Ngowa amekitia fremu kwa pesa zake na kukitundika juu ya meza yangu, kimepinda kidogo na hataki nikiguse. Nairobi walinihoji watu watatu. Mama mmoja mwenye sauti ndogo akaniuliza, "Ukiwa na lako katika nyumba unayoiuza, utafanya nini?" Vijana walikuwa wamekariri jibu toka kitabuni. Mimi nikamwambia nitasema mapema, kwa maandishi, kwa kila mmoja. Akauliza, "Na usiposema mapema?" Nikamjibu, "Kuna mtu atalala pasipo pake kwa ajili yako." Akaniangalia, akaandika. Tony naye amepita. Ameniletea boksi zima la kalamu.

Akina Karisa wamehamia. Boriti ya chumba cha mamako wameibadili. Msumari wa kofia umebaki, Kanze ametundika mfuko wake wa shule. Wanawe washajua kuiruka ile ngazi. Alhamisi zangu zilikuwa tupu mwanzoni. Nilikuwa naamka, nashika ufagio, nakumbuka, naketi.

Sasa nikujibu. Waliuziba mlango wa wikio wa upande wao, ndiyo. Ukuta mzuri, umepakwa chokaa, huwezi kujua palikuwa na mlango. Lakini wakala mzuri huuza kilicho ndani ya hati wala hazidishi. Wikio halimo katika hati yenu. Nililisema hilo kwa Bwana Ngowa, nikalisema kwa mpimaji, nikalisema kwa Karisa na Kanze, na wote wakakubali libaki upande wa ukuta wangu, kwa kuwa wao hawalitaki. Limeandikwa na kutiwa saini. Wewe peke yako ndiye sikukwambia, nami nakwambia leo. Sikukuuzia yote.

Nimeandika maelezo yake kama nilivyofunzwa, bila fahari. Haya hapa.

Chumba kimoja, Kibokoni, juu ya njia. Kuta za mawe ya matumbawe, dari ya boriti, zote nzima. Hakivuji, nimekiangalia mvua ya masika yote. Madirisha mawili, adhana yasikika kwa yote mawili. Ngazi za kukifikia ni za nyumba yangu, zina kishikio kipya upande wa kulia kwa mwenye magoti mabovu. Mlango mmoja, una ufunguo wake, na ufunguo wenyewe nimeufunga ndani ya barua hii. Kasoro: ubao mmoja wa sakafu hulia ukikanyagwa karibu na dirisha, nawe waujua ni upi. Kitanda kimoja cha samadari, kipana cha wawili, kimetandikwa. Hakiuzwi wala hakipangishwi. Kina mwenyewe, hayupo kwa sasa.

Saadia binti Omar
wakala aliyesajiliwa, na jirani yako